Wiki ya kwanza ukiwa mgeni kwa kompyuta yako mwenyewe

Jumamosi nilipewa nusu saa niongee na wenzangu wenye saiba, fotokopi na vibanda vya mobail mani hapa Busia, upande wetu wa Uganda, nikaongea saa nzima na kidogo. Waliokosa wameomba niandike, basi haya ndo yale, vile yalivyotoka mdomoni, nimeruka tu pale tulipobishana kuhusu soda.

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, kina mama wa mobail mani ambao najua mmefunga vibanda ndo mje hapa na kila dakika kuna hela inawapita, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta, habari za mchana. Mimi sio mtaalamu. Mimi ni mwenye saiba, mashine tano na printa mbili, na kilichonileta hapa mbele ni aibu yangu mwenyewe, nitaisema yote.

Mnakumbuka ile tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walipoacha kuipa Windows 10 apdeti za bure. Walitoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa anayejiandikisha, hiyo ni kweli, lakini baada ya hapo tundu likionekana linabaki tundu. Na tusidhani ni hadithi za kutisha watoto, mwaka 2017 ile WannaCry ilipofunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai fidia, dawa yake ilikuwa imetoka tangu Machi, mdudu akaja Mei, akawakuta wale waliokuwa wanasema nitaapdeti kesho. Sasa mashine zangu ni Core i5 za mwaka 2012 huko, Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za juzi juzi, ukiiambia iingie kwa mashine yangu inakuangalia tu.

Tuseme ukweli, hapa tuko wenyewe. Hata ile Windows 10 yangu haikuwa ya kununua. Fundi aliniwekea kwa elfu thelathini kila mashine, na kitu cha kwanza alichofanya, nakumbuka nilikuwa nimesimama nyuma yake, alizima antivairasi, ati inamsumbua, halafu akachomeka flashi, akabonyeza kitu kidogo hivi, Windows ikakubali kwamba ni halali. Miaka minne nimefanyia kazi kitu kilichoanza maisha kwa kumwomba askari atoke nje ya geti. Na hakuna aliyenilazimisha.

Basi nikahamia Linux Mint, aina moja ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Bure, halali, mashine ya zamani inakimbia, na toleo la 22 litapewa apdeti hadi 2029. Nikabandika karatasi dirishani, HAPA HAKUNA VAIRASI, herufi kubwa. Kichwa kikavimba, hata jirani yangu wa chapati alichoka kusikia habari za Linux.

Siku ya nne printa ikakataa.

Mteja amesimama, ana barua ya kuomba kazi inatakiwa Kampala, basi linapiga honi, mi natafuta kwa Google printa haichapi kwa Linux. Nikapata ukurasa, mtu ameandika fungua teminali, lile dirisha jeusi, bandika mstari huu. Nikabandika. Ikaomba paswadi, nikaweka. Maandishi yakashuka kama mvua ya Aprili, yakaisha, printa bado imekataa, kumbe waya wa nyuma ulikuwa umelegea, msicheke. Jioni mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta akaja, akaona ule mstari, akaniuliza mjomba, hii ilikuwa inasema nini? Nikamwambia ilikuwa inasema printa ipone. Akanisomea: nenda kwa tovuti fulani, chukua faili lililoko huko, liendeshe hapa hapa bila kunionyesha, na ulipe mamlaka yote ya mashine. Hiyo mamlaka ndo lile neno sudo la mwanzo, na paswadi niliyoweka ndo sahihi yangu chini ya karatasi. Tukasema basi tulifungue hilo faili tuone, tukakuta halipo tena, limeondolewa. Mpaka leo sijui kama ilikuwa dawa au sumu. Tulichofanya ni kufuta mashine yote na kuanza upya, usiku, kwa jenereta.

Sasa ndo nikakaa nikafikiria. Kwa Windows nilikuwa na miaka kumi na tano, kikitokea kidirisha kimekaa vibaya nakijua, ukinionyesha tangazo la kompyuta yako ina vairasi 37 piga namba hii, nacheka. Kwa Linux nilikuwa mgeni. Mgeni hajui desturi za nyumba, hajui mlango upi hufungwa saa ngapi, akisikia hodi usiku wa manane anadhani labda hapa ndo wanavyotembeleana. Kila kitu kinaonekana cha kawaida kwa sababu hujui cha kawaida kikoje. Watu wanauliza Linux ni salama kuliko Windows au vipi, mi naona hilo swali ni la baadaye, la kwanza ni zile wiki mbili tatu ambazo wewe mwenyewe ni kipofu, una haraka, unaomba msaada kwa mtu yeyote.

Na wezi wanajua. Siku hizi kuna ujanja wa kukuwekea ukurasa unaosema thibitisha wewe si roboti, halafu badala ya kukuonyesha picha za taa za barabarani unaambiwa bonyeza vitufe hivi na hivi, bandika, piga enta. Ilianzia kwa Windows, ikafika kwa Mac, imefika huku pia. Tena kuna kitu kilinishangaza, ukikopi maneno kwa tovuti, tovuti inaweza kuweka maneno mengine kabisa kwa kumbukumbu ya kubandika, macho yanaona haya, mkono unabandika yale. Kwa hivyo mi siku hizi mstari wowote naubandika kwanza kwa karatasi ya maandishi ya kawaida, nausoma, nisipouelewa namtumia mpwa wangu. Kama hajibu, mteja angoje. Kuna duka lingine la fotokopi hapo ng'ambo ya barabara, aende.

Kingine ni wapi programu zinatoka. Tumezoea kuandika jina kwa Google halafu tunabonyeza kitufe kikubwa cha kijani kuliko vyote, si ndio? Kwa Mint kuna sehemu inaitwa Software Manager, ni kama ghala, programu ziko pale, zina sahihi za wenyewe, mashine inakagua sahihi kabla ya kuweka. Kwa mtu wa fotokopi na barua, karibu kila unachohitaji kimo mle. Nilimkuta jamaa mmoja hapa, jina nalihifadhi, ameweka Mint halafu akaenda tena kutafuta kitufe cha kijani, akapata faili la exe, lile la programu za Windows, akaweka na Wine ndo aweze kuliendesha. Sasa hiyo Wine inaendesha vitu vya Windows, ikiwemo vairasi vya Windows, na mafaili yako ya nyumbani inayaona. Amehama nyumba halafu akarudi kumchukua panya.

Lakini hata ghala lina historia, nisiwadanganye. Februari 2016 tovuti yenyewe ya Linux Mint iliingiliwa, watu waliokuwa wanadaunilodi toleo la 17.3 siku hiyo wakapelekwa kwa nakala iliyowekwa mlango wa nyuma. Wenyewe walitangaza haraka, lakini waliokwisha kuchukua walikwisha kuchukua. Mwaka 2024 kwa duka la programu la Snap, lile la Ubuntu, Linux nyingine hiyo, kuliwekwa programu ya kujifanya Exodus, pochi ya sarafu za mtandaoni, mtu mmoja akaingiza maneno yake ya siri, bitcoin tisa zikaenda. Na Julai 2025 kwa upande wa Arch, nayo ni aina ya Linux, kule watu wa kawaida hupandisha vitu wenyewe, kulipatikana vifurushi vimepewa majina kama ni marekebisho ya Firefox kumbe ndani kuna kitu cha kumpa mgeni usukani wa mashine yako. Mnaona majina hayo? Marekebisho. Pochi. Mwizi anavaa nguo ya kitu unachokitafuta.

Hapa Busia tuna tatizo letu hata kabla ya hayo yote. Mint yako uliitoa wapi? Nani hapa aliidaunilodi mwenyewe kutoka kwa tovuti yao, inua mkono. Wawili. Wengine wote tumekopi kwa flashi ya mtu aliyekopi kwa flashi ya mtu, manake ni karibu gigabaiti tatu na bando ni bei. Sawa, kopi, lakini kagua. Kuna namba ndefu inaitwa SHA256, tovuti yao inaitoa, mashine yako inaweza kuihesabu kwa lile faili ulilonalo, herufi zikilingana zote ni lenyewe, ikipishana hata moja, futa. Kuitazama hiyo namba kwa simu ni kilobaiti chache tu.

Kijana pale nyuma aliniuliza wakati wa chai, si wanasema Linux haina vairasi? Wezi wanaenda penye watu, na kwa kompyuta za mezani watu wengi wako Windows, basi. Lakini seva nyingi za dunia, zile kompyuta zinazohudumia mitandao, ni Linux na kule wanapigwa kila siku. Mwaka 2024 kuna programu ndogo ya kubana mafaili inaitwa xz, mtu alijifanya msaidizi mwema kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akaingiza mlango wa nyuma humo ndani. Aliyemgundua anaitwa Andres Freund, tena mfanyakazi wa Microsoft, na unajua aligundua vipi? Aliona kuingia kwa seva kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde jamani! Mimi hapa nangoja ukurasa ufunguke tangu asubuhi na sishuku kitu. Haikufika kwa hizi Mint zetu, wakaikata mapema, lakini mwenye nyumba aliyezoea nyumba yake ndo alisikia mlango unalia tofauti. Sisi bado hatujafika hapo.

Twende kwa brauza, na hapa kina mama msisinzie.

Ukihama unaingia Chrome au Firefox kwa akaunti yako ile ile, na kila kitu kinakufuata, paswadi, alama za kurasa, na viongezo, vile vijiprogramu vya ndani ya brauza, vyote ulivyowahi kuweka. Unafurahi, ati nimepata vitu vyangu. Mnakumbuka Julai 2018 ushuru wa OTT, shilingi 200 kila siku ndo uingie WhatsApp na Facebook, tukaweka VPN za bure kila mtu, zile programu za kukwepa kizuizi, halafu Januari 2021 Facebook ikafungwa kabisa tukaweka nyingine. Mimi nilikuta viongezo vitatu vya VPN kwa brauza yangu mpya, kwa Linux safi, mashine ina siku moja, vimekuja vyenyewe kutoka 2018! Na kiongezo kama hicho unakuwa umekipa ruhusa ya kuona kurasa unazofungua. Nani analipia seva za VPN ya bure? Sitaki kusema zote ni mbaya, kuna za watu wanaojulikana, lakini zile tulizoweka kwa hasira mwaka 2018 nani alisoma jina la mwenyewe? Fungua orodha ya viongezo leo, toa usichokijua. Mfumo wa kompyuta umebadilika ndiyo, ila mwizi alikuwa amekaa kwa brauza tangu zamani, umempakia kwa lori pamoja na viti.

Sasa aibu yangu ya pili. Sikutaka kuziacha paswadi zangu kwa akaunti ya mtandaoni, nikasikia unaweza kuzitoa zote kwa faili moja uzihamishe. Nikazitoa, Chrome ikanionya kabisa, nikabonyeza endelea. Lile faili la CSV ni maandishi matupu, ukilifungua unasoma kama gazeti, tovuti hii, jina hili, paswadi hii. Nikaliweka kwa flashi, nikahamisha kwa Mint, nikasema kazi imeisha. Flashi ikabaki mezani. Na nyinyi mnajua flashi ya saiba ni kama kalamu ya benki, kila mtu anaishika. Wiki moja baadaye naitafuta, haipo. Nilikaa usiku mzima nabadilisha paswadi moja moja, barua pepe kwanza maana hiyo ndo mama wa zote, mwenye barua pepe yako anaomba zingine zote zitumwe kwake. Siku hizi natumia KeePassXC, imo kwa lile ghala, faili lake limefungwa kwa paswadi moja kubwa, hata ukiliokota huoni kitu.

Mashine ya zamani nayo. Ukifuta Windows au ukiuza ile laptopu, WhatsApp uliyounganisha haijui kama umehama. Chukua simu sasa hivi, ingia WhatsApp, nenda vifaa vilivyounganishwa, hesabu. Mama mmoja hapa amekuta vinne, kimoja ni cha saiba yangu, nyanya, naomba msamaha, wateja wanaondoka bila kutoka na mimi nilikuwa sifuti. Kwa Mint kuna kikao cha mgeni, unakiwasha kwa mipangilio ya dirisha la kuingilia, mteja anaingia kama mgeni, akitoka kila alichokifanya kinafutika chenyewe. Kwa saiba mi naona hiyo peke yake inatosha sababu ya kuhama.

Flashi za wateja. Zile vairasi za kugeuza mafolda kuwa njia za mkato, tunazijua wote, mwanafunzi anakuja analia kazi yake imepotea. Ukichomeka kwa Linux unaona folda zake ziko pale pale, zilikuwa zimefichwa tu, unamrudishia, anakuona malaika. Lakini ile vairasi nayo iko pale kwa flashi, haikudhuru wewe, ukimrudishia anaipeleka nyumbani kwa Windows ya babake. Umekuwa mbu, unabeba malaria bila kuugua. Na mlangoni umebandika HAPA HAKUNA VAIRASI. Ile karatasi niliitoa. Nimeweka ClamAV, antivairasi ya bure, naipitisha kwa kila flashi kabla ya kuirudisha, kwa ajili ya yule mwingine kule mbele.

Kabla ya chai niliomba laptopu moja ya mtu mwenye paswadi asiyotaka kuitaja, mwalimu akanipa yake. Mmeona wenyewe. Nimechomeka flashi ya Mint, nikawasha kutoka kwa flashi, dakika tatu nikafungua mafaili yake yote, matokeo ya mitihani, picha za harusi, sikuulizwa paswadi hata mara moja. Ile paswadi ya kuingilia ni kitasa cha mlango wa mbele, ukuta wa nyuma haupo. Laptopu ikiibiwa kwa basi la Kampala mwizi anafanya hivyo hivyo. Dawa ni kufunga diski yenyewe, na wakati wa kuweka Mint kuna mahali pa kutiki, wanakuuliza kama unataka kusimba, wengi tunaruka maana tuna haraka. Tiki. Lakini ile paswadi ya diski ukiisahau hakuna fundi wa Kampala wala wa Nairobi atakayekusaidia, kwa hivyo iandike kwa karatasi, ikae nyumbani na hati ya kiwanja, na nakala ya mafaili muhimu iwe kwa diski nyingine.

Apdeti nitapita haraka. Najua data ni ghali, ile kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021 iko ndani ya kila bando, na umeme wetu mnaujua, ukikatika katikati ya apdeti mashine inaweza kuamka imechanganyikiwa. Mi naweka apdeti usiku nikifunga, kwa laptopu yenye betri kwanza, mashine za mezani nikiwa na jenereta au nimeangalia mawingu. Kile kingao kidogo cha apdeti pale chini kikiwa na alama, kina sababu. Na ukuta wa moto, ule wa kuzuia wageni wa mtandaoni, kwa Mint umo lakini huja umezimwa, fungua Firewall Configuration, uwashe, kitufe kimoja.

Kina mama, hela zenu haziko kwa kompyuta, ziko kwa simu. Hata uweke mfumo gani, yule anayepiga akisema nimekutumia kwa makosa mama nirudishie, au anayejifanya wa kampuni ya simu anaomba zile namba zilizoingia kwa meseji, anaongea na sikio lako. Namba za meseji ni funguo, huyo wa kampuni hana haja nazo, asiulize.

Mzee wetu ameuliza, sasa mtu wa miaka sabini ahame au akae? Mzee, kama Windows yako ni ya halali na inapata apdeti, kaa, unaijua nyumba yako. Kama ni ile ya fundi wa elfu thelathini, hama, lakini uhame wiki ambayo huna kazi ya haraka, uwe na kijana wa kumpigia, na zile siku za kwanza usiingie mambo ya benki kwa mashine hiyo mpaka uzoee inavyoongea. Mimi ningengoja hata mwezi.

Haya, waliokuja na laptopu wabaki, chaja ni mbili tu tutapokezana, flashi niliyokagua ndo hii nyekundu. Na ile ya bluu iliyopotea kwangu, paswadi zote nilishabadilisha hazina maana tena, lakini mle ndani kulikuwa na picha za ubatizo wa mtoto wangu na sina nakala nyingine, aliye nayo aiweke tu mezani wakati watu wanatoka, sitaangalia.